Vichwa Vizee, Nguvu Mpya: Kipimo ni Mlima wa Mazeras

Vichwa vya treni vilivyozeeka kwenye reli yetu ya mita visiachwe vioze pembeni mwa yadi, wala visiuzwe kwa kilo kama vyuma chakavu. Vile ambavyo mifupa yake bado mizima vifunguliwe, vitiwe mitambo ya kisasa ya kuvuta mzigo, virudishwe njiani. Na kazi hiyo isiishie Nairobi. Changamwe nayo ipate fungu lake.

Twasema hivi tukijua kwamba habari yenyewe haina mvuto kwa wanasiasa. Hakuna anayeitwa kukata utepe mbele ya kichwa cha miaka arubaini na kitu kilichobadilishwa mota. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na katika mambo ya reli kidonda chenyewe twakijua, maana deni lake tungali twalilipa.

Tuanze na barabara. Mwenye kutoka Magongo au Chaani asubuhi kwenda kazini hahitaji kuelezwa. Trela mbele, trela nyuma, matatu katikati imezimwa injini kuokoa mafuta, na utingo keshashuka kununua mahamri kwa kuwa ajua hakuna kitakachosonga kabla hajarudi. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za shehena, na makasha zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Sehemu kubwa ya mzigo huo huondoka kwa malori, na malori hayo hupita Changamwe, Mikindani na Jomvu, karibu na milango ya watu.

Hatua chache kutoka barabarani imelala reli. Ndiyo ile iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. SGR, reli mpya ya kipimo cha kawaida, ilipozinduliwa Mei 2017, wengi walidhani reli ya mita imekwisha kazi. Haikwisha. SGR ilifika Naivasha mwaka 2019 ikakomea hapo. Mzigo wa Uganda unaotaka kuendelea kwa treni hadi Malaba sharti uhamie reli ya zamani. Na hata kutoka Mombasa penyewe treni za mizigo za reli ya mita zingali zatembea. Kinachozipungukia ni vichwa vyenye nguvu vya kuzivuta.

Tuelewane kwanza kichwa cha treni ni kitu gani. Ile injini ya dizeli iliyo ndani yake haizungushi magurudumu. Huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, umeme hushuka kwenye mota zilizofungwa chini, moja kwa kila ekseli. Mota ndizo zivutazo. Kwa hiyo kichwa cha dizeli ni kituo kidogo cha umeme kinachotembea, na kikizeeka, mara nyingi kinachotangulia kuchoka ni upande huo wa umeme. Fremu ya chini, iliyoundwa kwa chuma kizito, ikitunzwa hudumu miongo mingi baada ya nyaya na swichi zilizokuja nayo kupitwa na wakati.

Mota za zamani hutumia umeme wa DC. Ndani yake mna vipande vya kaboni vinavyosuguana na shaba inayozunguka ili umeme upite. Kaboni huliwa kidogo kidogo, safari baada ya safari, na unga wake mweusi hujaa kila pembe ya mota. Changanya unga huo na unyevu wa pwani yetu na hewa ya chumvi ya Kilindini, upate cheche. Ndiyo maana mota hizi hutaka kufunguliwa, kupulizwa, kukaguliwa na kubadilishwa kaboni kila mara, na kila siku ambayo kichwa kinakaa karakanani ni siku ambayo trela nyingine zimeongezeka barabarani.

Kisha kuna mlima. Treni itokayo bandarini huanza safari usawa wa bahari, na haipewi nafasi ya kupasha misuli joto. Ikishavuka Makupa yaanza kupanda: Changamwe, Miritini, mpaka Mazeras, na mwisho wa safari ni Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mvua ikinyesha, reli ikalowa, magurudumu huteleza. Waishio pembeni mwa njia huitambua hali hiyo kwa masikio: injini yapandisha sauti ghafla, lakini mabehewa hayaongezi mwendo. Hapo dereva humwaga mchanga. Ni mchanga mkavu hasa, uliohifadhiwa kwenye masanduku ya kichwa na kushuka kwa bomba mpaka mbele ya gurudumu, ili chuma kipate pa kushika. Wakati huohuo nguvu hupunguzwa mpaka kuteleza kukome, na kwenye kichwa cha kizamani hupunguzwa kwa mota zote kwa pamoja, hata zile ambazo hazikuwa na kosa. Treni hupoteza mwendo palepale inapouhitaji zaidi. Ikisimama mlimani, ama iletewe kichwa cha pili, ama ikatwe vipande viwili. Na mota ya DC ikilazimishwa kuvuta mzigo mzito kwa mwendo wa kobe kwa muda mrefu, hupata joto hadi nyaya zake kuungua.

Teknolojia ya leo imejibu mashaka hayo yote mawili. Mota za umeme wa AC hazina kaboni wala ile shaba ya kusuguana. Huendeshwa na inveta, ndugu wa ile inveta ya sola iliyo madukani, ila kubwa mara nyingi zaidi. Zaweza kuvuta kwa nguvu zote kwa mwendo wa pole bila kujichoma. Kompyuta huangalia kila ekseli peke yake; gurudumu likianza kuteleza hulipunguzia nguvu hilo tu, na kwa muda mfupi kuliko dereva awezavyo kunyanyua mkono. Matokeo yake huonekana kwenye uzito unaovutika. Kichwa cha kizamani huweza kuugeuza takriban robo ya uzito wake, au chini ya hapo, kuwa nguvu ya kuvuta kabla hakijateleza. Cha AC chenye kompyuta hukaribia thuluthi au kuipita. Ni chuma kilekile juu ya reli ileile, lakini mabehewa yaongezeka.

Kampuni kubwa zenye fedha za kununua vichwa vipya hazioni haya kufufua vya zamani. Julai 2022, kampuni ya reli ya Union Pacific ya Marekani iliipa kampuni ya Wabtec kazi ya kuunda upya vichwa 600 kwa zaidi ya dola bilioni 1. Vichwa vilivyokuwa vya DC hubakizwa fremu, vikatiwa mota za AC, nyaya mpya na kompyuta mpya. Wabtec yasema kichwa kilichofanyiwa hivyo chaweza kuongeza uwezo wa kuvuta kwa asilimia 55 na kupunguza matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 18. Hayo ni maneno ya muuzaji, na muuzaji husifu chake. Lakini mnunuzi mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 150 hatoi dola bilioni kwa sifa tupu.

Mwenye shaka atauliza Union Pacific na Changamwe vina uhusiano gani. Basi tuje nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Kenya Railways ilipokea vichwa 26 vya General Electric vya aina ya U26C, vyenye nguvu za farasi takriban 2,600. Ndivyo vile vya namba zinazoanzia 93, ambavyo wazee wa reli huvitaja kwa namba kama mtu atajavyo wanawe. Muundo huohuo wa U26C ulinunuliwa na New Zealand kuanzia mwaka 1972, vichwa 49, wakauita DX. Reli yao nayo ni nyembamba, milimita 1,067, karibu sawa na yetu ya milimita 1,000. Nao wana milima, na makaa ya mawe ya kuvusha.

Walifanya nini? Hawakuvitupa. Baadhi walivifungia mfumo wa kompyuta wa kudhibiti mota na kuteleza, vikaendelea kupanda na mzigo wa makaa kuelekea kwenye handaki la Otira katika milima ya Kisiwa cha Kusini. Viwili walivivua hadi mifupa wakaviunda upya. Ni mwaka 2021 tu ambapo KiwiRail iliagiza vichwa vipya 57 vya Stadler kuchukua nafasi ya vizee vya kisiwa hicho, wakati DX za kwanza zimekaribia miaka 50. Pacha wa vichwa vyetu wameishi nusu karne upande wa pili wa dunia kwa kutunzwa na kutiwa akili mpya. Vyetu vikishindwa, tusisingizie umri.

Funzo la New Zealand ni kwamba kazi hii yaweza kwenda kwa hatua. Hatua ya kwanza, iliyo rahisi, ni kuziacha mota za DC mahali pake, kuzisuka upya nyaya zake, kisha kutoa swichi na relei za zamani na kufunga kompyuta ya kudhibiti kuteleza. Hiyo peke yake humsaidia dereva wa Mazeras. Hatua ya pili, ya mota za AC na inveta, ni ghali zaidi na ina kikwazo ambacho wauzaji wa Marekani huenda wasikitaje: mota sharti ienee katikati ya magurudumu mawili, na kwenye reli yetu magurudumu hayo yametenganishwa na mita moja tu. Mota iliyobuniwa kwa reli pana ya Marekani haitaingia. Hata hivyo si jambo lisilowezekana. Tanzania inavyo vichwa vya GT42AC vya kampuni ya EMD, vyenye mota za AC, kwenye reli ya mita kama hii yetu. Ziko mota za kipimo chetu. Kinachotakiwa ni kuagiza kwa kipimo na kuacha kupokea kilichobaki dukani.

Hatuna haja ya kukisia kuhusu vichwa vilivyofufuliwa, kwa sababu vimeshateremshwa katika bandari yetu. Mwaka 2014 Rift Valley Railways, iliyokuwa na mkataba wa kuendesha reli ya Kenya na Uganda tangu 2006, ilianza kupokea vichwa 20 vya General Electric vya aina ya B23-7 vilivyokarabatiwa Marekani na kubadilishwa kuwa vya reli ya mita. Ununuzi wote uligharimu takriban dola milioni 25, yaani dola milioni 1 na robo kwa kila kichwa. Aina hiyo iliundwa kati ya 1977 na 1984, hivyo hata kilicho kijana zaidi kilikuwa na miaka 30 kilipoiona Kilindini.

Vichwa vile vilifanya kazi, lakini kampuni haikupona. Mwaka 2017 mkataba wake ulivunjwa upande wa Kenya, na Uganda ikafuata mapema 2018. Wako wanaotoa hapo hoja kwamba vichwa vya mtumba ni hasara. Sisi twaona kinyume. Ukiweka kichwa chenye nguvu juu ya njia yenye mataruma yaliyooza, ukakiamuru kitembee polepole kwa kuogopa ajali, umemfunga farasi kwenye mkokoteni usio na gurudumu. RVR ililemewa na njia mbovu, madeni na mivutano ya wenye hisa. Vichwa ndivyo vilivyosalia na manufaa baada ya wenyewe kuondoka.

Tena kuna faida ambayo haijatiliwa maanani. U26C za miaka ya 1970 na B23-7 za mwaka 2014 zina injini ya ukoo mmoja, FDL ya silinda 12. Fundi aijuaye moja aijua nyingine, na stoo ya vipuri yaweza kuwa moja. Mwaka 2019 Wabtec iliinunua biashara ya vichwa vya treni ya General Electric, kwa hiyo mtengenezaji angali yupo na vipuri vya injini hiyo vingali vyapatikana. Nchi yenye vichwa vya ukoo mmoja ina nguvu ya kujadili bei. Yenye aina saba, kila moja na muuzaji wake, hupangiwa.

Wala kukiboresha cha zamani si utamaduni wa kigeni kwenye reli hii. Miaka ya 1955 na 1956 Reli ya Afrika Mashariki ilipokea vichwa 34 vya mvuke vya Beyer-Garratt, daraja la 59, vya tani 252 kila kimoja, vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vilikuwa miongoni mwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kupita vyote duniani kwenye reli ya mita, na kazi yao ilikuwa kuutoa mzigo hapa Mombasa na kuupandisha Nairobi. Baada ya kuanza kazi, viliongezewa bomba la moshi la Giesl, uvumbuzi wa mhandisi wa Austria, ili moto uvute hewa vizuri zaidi kwa mafuta yaleyale. Mwenye kufika Makumbusho ya Reli Nairobi atakiona kimoja, Mount Gelai, namba 5918. Alitazame bomba lake: si la duara kama la picha za watoto, ni jembamba lililorefushwa. Ni ushahidi wa chuma kwamba wahandisi wa hapa walikuwa wakiongeza nguvu kwenye kitu walicho nacho kabla ya kuomba kingine.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ina la kutufunza. Vichwa vya kwanza vilivyokuja kutoka China miaka ya 1970, visivyo na mota za umeme, vilipata taabu kwenye mpando wa kutoka Mlimba kwenda Makambako. Miaka ya 1980 baadhi vilibadilishwa injini vikafungwa za MTU za Ujerumani, na mwanzoni mwa muongo huohuo vikaletwa vichwa vya U30C vyenye mota za umeme kusaidia. Mwenye kubadilisha injini tu, akaacha njia ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu kama ilivyokuwa, amefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo tukisema ukarabati hatuzungumzii rangi, wala pistoni peke yake.

Tumeyaona Mombasa magari yaliyopigwa rangi ya kung'aa juu ya kutu. Gereji za Kisauni zina mafundi wanaotoa injini iliyokufa kwenye matatu na kufunga ya mtumba kutoka Japani, na matatu ikarudi barabarani kesho yake. Wateja wao ni wakali: huomba kusikia injini ikinguruma, huipeleka gari mlimani, ndipo hulipa. Serikali inunuapo kwa mabilioni yapasa iwe na ukali usiopungua wa mwenye matatu. Ndiyo maana twaweka masharti.

La kwanza, kila kichwa kipimwe fremu na bogi kabla ya shilingi kutoka. Chuma huchoka, na ufa mdogo usioonekana kwa macho huonekana kwa vipimo. Kilichopasuka pabaya kisifufuliwe kwa huruma. Kitolewe vipuri vyake, kiondolewe hesabuni.

La pili, bei ya kila kichwa itangazwe, pamoja na orodha ya kilichobadilishwa. Neno ukarabati ni pana mno, na upana huo ndio pango la wezi. Mnunuzi wa pikipiki kwa mkopo kule Likoni hupewa karatasi inayoeleza alichonunua. Mlipa kodi anastahili karatasi hiyo.

La tatu, programu za kompyuta, michoro ya nyaya na nywila zikabidhiwe kwa wahandisi wetu. Kichwa cha kizamani kikiharibika, fundi alitafuta hitilafu kwa taa na bisibisi. Cha kisasa huonyesha namba kwenye kioo na kukaa kimya. Ikiwa maana ya namba ile ajua mtu mmoja tu aliye ng'ambo, tumenunua utumwa. Na mitambo hiyo isemwe wazi kwenye mkataba kwamba itastahimili joto, vumbi la Taru na chumvi ya pwani.

La nne, njia itengenezwe sambamba na vichwa. Tumeshaona mwaka 2014 na baada yake kinachotokea kimoja kikitangulia bila kingine.

La tano, kazi isambazwe. Karakana kuu ya reli iko Nairobi na itaendelea kuwa huko. Lakini vichwa vya mzigo huanzia hapa, na vipuri vyote vya ng'ambo hushukia hapa. Kuvipakia tena na kuvipandisha Nairobi ili kichwa kilichofia Changamwe kikokotwe kuvifuata ni kupoteza wakati na mafuta. Yadi ya Changamwe iwezeshwe kusuka mota, kukarabati bogi na kupima vichwa vilivyotoka kufufuliwa.

Watu wa kuifanya wapo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chatoa wahitimu wa umeme na mitambo kila mwaka, na wengi wao twawaona wakiuza simu au wakiendesha tuktuk. Kule Mtongwe, upande wa Likoni, kuna jeshi la majini lenye mafundi wa mitambo mikubwa ya dizeli. Mwaka 2019 wahandisi wa jeshi hilo ndio waliokwenda Kisumu wakaifufua MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960 ya kubeba mabehewa, iliyokuwa imeegeshwa kwa zaidi ya miaka kumi. Leo yavusha mafuta kwenda Port Bell. Waliofufua meli yenye umri wa zaidi ya nusu karne ziwani hawatashindwa na kichwa cha treni kilichosimama kilomita chache kutoka kambini mwao.

Yako mabishano mawili tunayoyaheshimu. Wengine husema dunia yaenda kwenye umeme: Tanzania tangu 2024 yaendesha treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na sisi twazungumza dizeli. Ni kweli. Lakini nyaya za umeme juu ya reli ya mita kutoka Kilindini hadi Malaba hazimo katika mpango wowote wa karibu, na mzigo hausubiri. Kichwa kilichofufuliwa vizuri hutupa muda wa kujenga la kesho bila kuzika la leo. Tena treni ya dizeli, kwa tani ileile na masafa yaleyale, hunywa mafuta kidogo kuliko malori, na moshi usiotoka kwenye malori ni moshi ambao watoto wa Chaani hawatauvuta.

Wengine, hasa jirani zetu wenye malori na wenye bohari za makasha, wana hofu ya riziki. Hawakosei kuhofu. Mwaka 2019 mji huu uliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu kupinga amri ya kulazimisha makasha yapande SGR, na Septemba 2022 Rais Ruto akaurudisha Mombasa utoaji wa mizigo. Hatutaki amri nyingine. Reli ya mita ishindanie mzigo kwa bei na kwa kutimiza saa, na mwenye shehena achague. Chuma, nafaka, mbolea na klinka ni mizigo mizito ya masafa marefu ambayo treni huibeba vyema. Lori lina kazi yake ya kufika mlangoni. Treni ikiimarika, Changamwe itahitaji madereva wa kuchukua na kupeleka, mafundi wa kutengeneza, na wapishi wa kuwalisha wote hao.

Fedha zitoke wapi? Tangu mwaka 2013 kila aingizaye bidhaa nchini hulipa ushuru wa kuendeleza reli, na karibu wote umeelekea SGR. Reli ni reli. Sehemu ndogo ya ushuru huo, unaolipwa hasa kwa mizigo ishukayo katika bandari hii, yatosha kuanza.

Na tuanze kidogo. Vichaguliwe vichwa sita vya namba 93. Vitatu vipewe kompyuta ya kudhibiti kuteleza na mota za DC zilizosukwa upya. Vitatu vipewe mota za AC za kipimo cha mita. Visipelekwe kupigwa picha. Vifungwe mabehewa yaliyojaa hapa Changamwe wakati wa mvua za Mei, reli imelowa, na kila kimoja kiambiwe kipande Mazeras. Zihesabiwe tani kilizovuta, lita kilizokunywa na dakika kilizotumia. Kando yake kipande kichwa cha namba hiyohiyo ambacho hakijaguswa. Hesabu zote zibandikwe hadharani, nzuri na mbaya, kabla ya kichwa cha saba kufunguliwa.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee wa pwani hii. Waliosema hivyo hawakumaanisha tukalie mkeka uliotoboka. Walimaanisha tuukunjue kwanza, tuutazame, tuone ukindu upi wa kubadilishwa. Kenya Railways ianze kuukunjua wake. Sisi wa Changamwe tutasimama pembeni mwa reli siku hiyo ya mvua, tukisikiliza iwapo injini yapandisha sauti bure.